Theluji na Farasi Kwenye Ua wa Manga

Eucabeth Bochaberi alikuwa ameshika ncha moja ya taulo yenye picha ya farasi akiikamua, maji yakimchuruzika hadi viwikoni, shemeji yake Omwenga alipotokea kwenye pembe ya ua na kusimama mbali. Omwenga si mtu wa kusimama mbali. Siku nyingine angekuja moja kwa moja, amtanie kidogo, aulize kama kuna chai. Jumanne hiyo alitazama barabarani kana kwamba anasubiri gari.

“Shemeji, Tata ameanguka.”

Taulo ikamponyoka ikatumbukia kwenye beseni. “Wapi?”

“Kwa majani chai ya Masese, pale kwa mteremko. Goti limefura hivi.” Alionyesha kwa mikono miwili. “Na usiniulize alikuwa anatafuta nini huko chini. Unajua.”

“Sijakuuliza.”

“Basi toa hizi taulo.”

“Kwanza nikamwone mzee.”

“Kwanza toa taulo.”

Hakuzitoa. Aliiopoa ile ya farasi, akaikamua upya, akaitundika mahali pake na kuibana kwa pegi ncha zote mbili. Ndipo akajifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akateremka kwenda kumwona Tata, baba mkwe wake.

Ua huo uko kando ya barabara ya lami inayopanda Manga, kwenye kona ambapo madereva hupunguza mwendo watake wasitake. Ni ua wa michongoma. Mbele yake Eucabeth amesimamisha nguzo za mkaratusi na kufunga kamba, kwa sababu miiba ya mchongoma huvuta nyuzi. Kwenye kamba hiyo hutundika taulo za kuogea, kubwa za kumfunika mtu mzima kutoka kwapani hadi chini ya magoti, na kila moja ina picha. Kuna mlima wenye theluji unaojitazama ziwani. Kuna msitu wa majani mekundu ambao hakuna mtu wa Nyamira aliyewahi kupita chini yake. Kuna farasi weupe wakikimbia kwenye maji, na maporomoko yanayoanguka katikati ya miamba iliyoota kuvu. Huletwa na gari la mizigo kutoka Nairobi zikiwa zimebanwa kwenye robota, na yeye huzifungua moja moja kama mtu anayefungua barua za watu wengine. Jumamosi kamba huwa tupu. Eucabeth ni Msabato, na Sabato haiuzi taulo.

Wanunuzi ni wauguzi, walimu, vijana wanaopanda Jumapili kujipiga picha ukingoni mwa genge la Manga, na akina mama wa vijiji vya hapa hapa. Hawasemi wanataka taulo ya namna gani. Husema, “Nipe theluji,” au, “Ule msitu bado uko?” Na wakishafika nayo nyumbani, si wote wanaojifutia. Wapo wanaoitandika juu ya sofa, wapo wanaombebea mtoto mgongoni, wapo wanaoitundika ukutani juu ya televisheni. Manga ina taulo nyingi ambazo hazijawahi kumwona mtu aliyetoka kuoga.

Shida ni maji. Taulo mpya za aina hii zina uso laini upande wa picha, na uso huo haunyonyi kitu. Ukimwagia tone, tone hukimbia juu ya mlima kama shanga. Mwanzoni Eucabeth aliziuza jinsi zilivyotoka kwenye robota, hadi mwalimu mmoja aliporudi, akaitupa yake juu ya beseni na kusema, “Mama, hii hainifuti. Hii inanipaka maji.” Tangu hapo kila taulo inayofika huloweshwa kwenye maji ya chumvi, ikasuuzwa, ikakamuliwa, ikatundikwa. Mteja hununua kitu kilichokwisha kufundishwa kazi. Lakini anayepita haoni chumvi. Anaona taulo za kuogea zikidondoka maji mbele ya boma la watu, na taulo inayodondoka maji maana yake ni moja: kuna mtu hapa sasa hivi ametoka kuoga.

Mahali pengine jambo hilo lingepita bila neno. Kwa Abagusii lina jina. Kati ya mzazi na mtoto wake, na zaidi kati ya mkwe na mke wa mwanawe, kuna ukuta wa heshima unaoitwa chinsoni. Kitu kinachogusa uchi, kuoga au kitanda hakivuki ukuta huo. Hakionekani, na hakitajwi. Mke wa mwana huanika taulo yake nyuma ya nyumba, na kama nyuma ya nyumba hakuna jua, basi itakauka bila jua. Sasa njia ya baba mkwe huyo, mzee Nyangau, kutoka kwake bondeni hadi barabarani inapita sambamba na kamba ya Eucabeth, karibu kiasi cha mtu kuguswa bega. Kamba ilipofungwa, mzee hakulalamika. Hangeweza; kulalamika kungekuwa kutaja. Alichofanya ni kugeuza njia. Alianza kuzungukia chini, kwenye majani chai ya rika lake Masese, kwenye mteremko ambao hata wachumaji vijana huushuka wakishikana.

Eucabeth alimkuta mbele ya mlango wake, kwenye kiti cha mbao, mguu umewekwa juu ya kigoda. Christabel, mke wa Omwenga, alikuwa ametoka kumkanda kwa maji ya moto.

“Bwakire, Tata.”

“Bwakire buya.”

“Nasikia njia ilikuwa na utelezi.”

“Ilikuwa na utelezi.”

“Ya juu ni kavu, Tata.”

Mzee alikohoa. “Ni kavu, ndiyo. Lakini ya juu ina jua kali.”

Ilikuwa Aprili. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri tangu Pasaka, na Manga nzima haikuwa na mtu aliyelalamikia jua.

“Jua hilo ningeweza kuliongelea, Tata, kama mtu angeniuliza.”

“Mokamwana,” mzee alisema, kama anavyoitwa mke wa mwana, akitazama mguu wake, “chai iko jikoni. Kunywa.”

Hapo ndipo mazungumzo yalipofikia, na hayangeweza kwenda mbele. Eucabeth alipiga simu, boda boda ikaja, mzee akapelekwa dispensari na kurudishwa akiwa amefungwa bandeji na kupewa vidonge. Goti halikuwa limevunjika. Lakini Eucabeth alirudi juu akipanda polepole. Goti la mzee wa watu lilikuwa limefura kwa sababu ya kamba yake. Hilo lilimuuma kwelikweli, na halikumbadilisha nia.

Mtu asiyemjua angemwita mkaidi. Wanaomjua wanakumbuka alikotoka. Alichuma majani chai ya watu mpaka vidole vikawa vinakataa kufunga vifungo. Akaenda soko la Keumbu kuuza mitumba juu ya gunia, na kila alipozoea mahali alifika mwenye mahali, akamwambia asogee. Alisogezwa mbele ya duka la mahindi, akasogezwa kando ya mtaro, akasogezwa hadi mahali ambapo magari yalimrushia tope nguo kabla mteja hajazigusa. Mumewe Mose alikuwa amekwenda Doha kulinda lango la jengo ambalo hajawahi kuingia ndani. Asubuhi moja, kwa sababu uani nyuma kulikuwa na tope, Eucabeth alianika taulo yake mwenyewe ya theluji juu ya ua wa mbele. Gari likasimama. Muuguzi mmoja aitwaye Lorna, mtu wa pande za ziwani aliyehamishiwa kazi huku, akateremsha kioo na kuuliza kama ni ya kuuza. Eucabeth alitaka kusema si ya kuuza. Alisema ni ya kuuza. Lorna aliondoka nayo ikiwa mbichi, imekunjwa juu ya kiti cha nyuma.

Nguzo alizichimbia mwenyewe. Kamba aliifunga mwenyewe. Pale kwenye kona, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza kitu chochote, hakuna mtu aliyemwambia asogee. Hadi Jumanne hiyo.

Jioni Mose alipiga simu. Omwenga alikuwa amemtangulia.

“Toa tu, mama Valentine,” Mose alisema. “Ya nini maneno? Ni kitu kidogo.”

“Kama ni kidogo, mpigie baba yako umwambie ni kidogo.”

“Unajua siwezi kumwambia kitu kama hicho.”

“Basi na mimi siwezi kutoa.”

Kesho yake alikuja Christabel, kwa upole, na wazo lake. Wake hawa wawili wameolewa boma moja na huazimana vitu hadi wamesahau sufuria ipi ni ya nani. “Ziweke tu ndani, dada. Zikunje kwa sanduku. Mtu akitaka, anaingia, unamfungulia.”

“Christabel, ni dereva gani atasimamisha gari aangalie sanduku?”

“Waambie watu ziko.”

“Niwaambie nini? Kwamba nina theluji, lakini iko chini ya kitanda?”

Christabel alicheka, kisha akajizuia kwa sababu hakuwa amekuja kucheka. “Omwenga ameitisha kikao kesho. Manasseh wa kanisa atakuja. Masese pia. Wakisema utoe, utafanya nini?”

“Wakisema, nitasikia walivyosema,” Eucabeth alijibu, akaendelea kusuuza.

Kikao kilipangwa Alhamisi alasiri mbele ya nyumba ya Omwenga, kwenye majani. Walifika waliotajwa: mzee Nyangau akiburuta mguu, Masese, rika lake, mwenye shamba ambamo mzee alianguka, Manasseh, mzee wa kanisa ambaye kwa umri ni wa kina Omwenga, Omwenga na Christabel, na Eucabeth aliyeketi peke yake upande wa pili. Manasseh hakuwa amefika katikati ya sala mvua ilipoanza. Haikuwa mvua ya kusubiriwa chini ya mti. Walimwinua mzee kwa makwapa, wakaingia sebuleni kwa Omwenga.

Zamani hilo nalo lingekuwa mwiko. Baba hakuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Boma hili lilikwisha kulimaliza jambo hilo Omwenga alipojenga nyumba ya matofali. Lilikubaliana kwamba sebule ihesabiwe kuwa ni uani, na chinsoni ianzie kwenye pazia la korido. Kwa hiyo mzee aliketishwa kwenye sofa ndefu, mahali pake pa siku zote, mgongo ukutani, na Christabel akaleta chupa ya chai.

“Tuko hapa,” Manasseh alianza, “kwa sababu ya hilo jambo la barabarani.”

“Hizo vitu,” Omwenga alisema.

“Vitu gani?” aliuliza Masese.

“Zile vitu, mzee. Za kwa ua.”

“Mimi nimevunjiwa miche. Mtu mzima ameanguka juu yake na uzito wake wote. Nina haki ya kujua imevunjwa kwa sababu gani.”

“Tuseme nguo,” Manasseh alisema.

“Nguo ya kuvaa?”

“Si ya kuvaa.”

“Ya kutandika?”

Manasseh alikunywa chai ambayo bado ilikuwa ya moto mno. Masese alijua vizuri. Lakini kwa kuwa ni rika la Nyangau, naye ni baba kwa kila mtu mwingine mle ndani, ulimi wake nao umefungwa kwa kamba ile ile. Alichoweza ni kuuliza, na aliuliza kwa raha.

Eucabeth aliwasikiliza wakizunguka. Alikuwa amekuja na maneno mengi aliyoyapanga usiku kucha, kuhusu Keumbu, kuhusu chumvi, kuhusu karo ya Valentine. Aliyaacha. Alisimama.

“Nimeitwa kujibu. Nijibu nini?”

“Usijifanye hujui, shemeji,” Omwenga alisema.

“Juzi ulisimama kwa ua wangu ukakitaja kitu hicho kwa jina, na hukujikwaa. Kitaje sasa.”

Omwenga alifungua mdomo. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa ameinamia kikombe. Akaufunga.

“Manasseh, wewe ni mzee wa kanisa. Kitaje wewe.”

“Dada Eucabeth, usituletee majaribu.”

“Si majaribu. Mtu akishtakiwa kwamba ameiba kuku, kuku hutajwa.”

“Hiyo ni kweli,” Masese alisema. “Kuku hutajwa. Na rangi yake.”

“Heshima haihitaji jina!” Omwenga alisema kwa sauti. Hakuwa akiigiza. Omwenga ndiye aliyemhamisha mzee chumba paa lilipovuja, ndiye anayemnyoa nywele kila mwezi, na aibu aliyoiona mwili mzima ilikuwa ya kweli. “Kila mtu hapa anajua ni kitu gani. Kitu cha namna hiyo, Tata hawezi kukiona. Hata Tata wa mtu mwingine. Mahali pake ni nyuma ya nyumba.”

“Tata asikione.”

“Asikione.”

“Kwa ua tu, au popote?”

“Popote! Unauliza nini? Popote.”

Eucabeth aliinua macho juu ya kichwa cha baba mkwe wake.

Pale ukutani, juu ya sofa ndefu, palikuwa na maporomoko ya maji. Yalianza karibu na dari, yakaanguka katikati ya miamba ya kijani, yakatua kwenye kidimbwi cha buluu kilichofika kisogoni mwa mzee Nyangau. Christabel aliyachagua mwenyewe kwenye kamba ya Eucabeth, Desemba. Aliyapiga pasi. Alishona utepe wa dhahabu pembeni, na Omwenga akapanda kiti na kupigilia misumari. Siku ya Krismasi mzee alikula chapati chini yake na kusema nyumba sasa ina sura.

Christabel ndiye aliyeona kwanza Eucabeth anatazama wapi. Chai ilifurika kikombe alichokuwa akikijaza, ikamwagika mezani.

“Dada,” alisema kwa sauti ya chini. “Tafadhali.”

Wapo waliosema baadaye kwamba hapo angenyamaza, kwa ajili ya mzee. Eucabeth alilipima hilo. Alimtazama mzee, alitazama goti lake lenye bandeji. Kisha akakumbuka mahali pote alipowahi kusogea kwa ajili ya mtu.

“Naomba kuuliza tu,” alisema. “Ile picha ni ya wapi?”

Waligeuka wote. Mzee aligeuka wa mwisho, kwa shida, akishika mkono wa sofa. Aliitazama picha kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

Masese aliinuka. Alisogea hadi ukutani, akashika pembe ya kidimbwi kwa vidole viwili, akaisugua.

“Nyangau,” alisema, “hii picha ina manyoya.”

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akakaa chini, akacheka tena. Manasseh alijifunika uso kwa Biblia, na Biblia ikawa inatikisika.

“Hiyo ni tofauti,” Omwenga alisema. “Hiyo ni pambo.”

“Tofauti yake ni ipi, shemeji?”

“Hiyo haijawahi...” Alikwama. Neno lililobaki kwenye sentensi hiyo halikuweza kutoka mbele ya baba yake.

“Na zangu hazijawahi,” Eucabeth alisema. “Hata moja. Kilichozigusa ni maji ya chumvi na mikono yangu. Zikitoka kwangu zikaingia kwa mtu, atakachofanya nazo ni siri ya mlango wake. Lakini zikiwa kwenye kamba yangu ni picha, kama hapa. Mkisema zangu zitolewe, sawa, na hii itolewe. Si kesho. Sasa hivi, Tata akiona. Mtu apande kiti aing’oe.”

Hakuna aliyepanda kiti. Kuing’oa kungekuwa kusema kwamba mzee amekuwa akiletewa chakula chini yake tangu Krismasi, na kwamba mwanawe ndiye aliyemwalika. Kuiacha kungekuwa kusema jambo jingine. Omwenga alitazama misumari aliyoipigilia. Christabel alifuta meza ambayo ilikwisha kukauka.

Mwishowe mzee Nyangau alivaa kofia yake.

“Mvua imepungua,” alisema.

Haikuwa imepungua. Masese alimshika mkono, wakatoka wakizungumza jambo ambalo halikusikika, na kikao kikavunjika bila uamuzi na bila sala ya kufunga.

Omwenga alimfuata Eucabeth hadi barazani. “Umeniaibisha kwangu mwenyewe.”

“Si mimi niliyechagua mahali.”

“Ni mvua.”

“Basi kasirikia mvua.”

“Mzee hajasema ndiyo, Eucabeth. Usiende ukafikiri amesema ndiyo.”

“Na hajasema la,” alijibu, akafungua mwavuli.

Usiku huo hakujisifu. Alijua kwamba ushindi dhidi ya Omwenga haukuwa na uzito wowote kama mzee angeshuka tena kwenye majani ya Masese. Hapo wangetosha watu wawili tu kusema, “Mwoneni mzee na goti lake,” na kamba ingeng’olewa na kijiji kizima bila kikao. Aliwaza kuhamisha nguzo nusu ya ua. Aliwaza kutundika chache tu. Aliwaza, na akalala.

Ijumaa asubuhi alitundika zote. Hata zile za robota jipya ambazo hakuwa ametaka kuzitoa kabla ya mwisho wa mwezi, alizilowesha, akazikamua, akazipanga kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka michongoma haikuonekana. Habari za kikao zilikuwa zimekwisha kufika kwenye kona. Vijana wa boda boda walikuwa wameinamia mnyororo wa pikipiki ambao haukuwa na kasoro. Wanawake waliokuwa wakienda kupalilia waliona ni vyema wapumzike hapo kidogo. Omwenga alisimama upande wa pili wa barabara, mikono mifukoni.

Mzee alionekana bondeni akipanda na fimbo yake. Alipanda hadi pale njia inapogawanyika, tawi moja likienda kwenye majani chai na jingine likija juu. Alisimama. Alitazama mteremko wenye utelezi. Kijana mmoja akasema, “Ataenda chini,” na mwanamke akamwambia anyamaze.

Alikuja juu.

Heshima ya kawaida ingemtaka Eucabeth arudi nyuma ya ua mpaka mkwe wake apite. Alibaki kambani, pegi mbili mdomoni, akinyoosha msitu mwekundu. Mzee alikaribia macho yakiwa mbele, mwendo wa mtu anayepita mahali popote. Akapita theluji. Akapita mbwamwitu wa robota jipya. Alipofika kwenye ile ya farasi upepo wa ukingoni ukaipiga, ikafunguka mzimamzima na kuziba njia, mbichi, ikimdondokea miguuni.

“Mokamwana.”

Eucabeth alitoa pegi mdomoni. “Tata.”

“Farasi hawa wanaziba njia. Wapeleke nyuma ya nyumba.”

Vijana waliacha mnyororo. Omwenga alitoa mikono mifukoni.

“Hapana, Tata,” Eucabeth alisema. “Farasi ndio wanaosimamisha magari. Mahali pao ni hapa.”

Mzee Nyangau alimtazama, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya. Kisha akashika kofia yake kwa mkono mmoja isianguke, akakunja mgongo juu ya fimbo, akapita chini ya farasi. Alipotokea upande wa pili mabega ya koti lake yalikuwa na madoa ya maji.

“Kamba iko chini sana,” alisema bila kugeuka.

“Nitaiinua, Tata.”

Aliendelea hadi barabarani. Boda boda iliyokuwa na mnyororo mzima ikamchukua.

Eucabeth aliiinua kamba siku hiyo hiyo kabla jua la Ijumaa halijazama na Sabato kuingia. Aliinua kiasi cha mzee mwenye kofia kupita bila kuinama, na si zaidi ya hapo.